Kufuli la kundi la WhatsApp linafunga nini

Harusi za Lamu zinapoanza kupandana baada ya Idi, malalamiko ya aina moja nayo huanza kusikika. Picha iliyopigwa usiku wa kupamba, ukumbi ukiwa na wanawake peke yao na mabuibui yamewekwa kando, huonekana siku chache baadaye katika simu ya mwanamume asiyehusika, na ikifuatiliwa nyuma husemwa kwamba haikupita popote isipokuwa katika kundi la WhatsApp la rafiki na jamaa za bibi harusi. Hapo maswali huwa mengi. Mbona programu yenyewe imeandika juu ya kila kundi kwamba ujumbe umefungwa na hakuna mtu wa nje anayeweza kuusoma? Wapo wanaojibu kwamba kampuni inawahadaa watu, wapo wanaosema serikali inasikiliza, na wapo wanaomgeukia msimamizi wa kundi kana kwamba ndiye aliyeitoa. Majibu yote matatu yanakosea mahali pamoja, kwa kuwa yanatafuta tundu njiani, ilhali ujumbe ulifika salama kabisa kwa kila aliyekusudiwa, na ni mmoja wa hao aliyeutoa.

Ni vyema kwanza kuelewana juu ya maneno. Kundi ni orodha ya nambari za simu zilizounganishwa ili kile kinachotumwa na mmoja kiwafikie wote. Msimamizi, ambaye wengi humwita admini, ni mwanachama aliyepewa uwezo wa kuingiza watu, kuwatoa, kubadilisha jina la kundi na kuufuta ujumbe wa mwingine. Hana jicho la ziada, na hakuna anachokisoma ambacho wanachama wengine hawakioni. Kusambaza ni kuuchukua ujumbe wa mtu mmoja na kuupeleka kwa wengine bila kuuandika upya. Na huko kufungwa kunakotajwa juu ya kundi ni usimbaji: maneno au picha hugeuzwa kuwa alama zisizosomeka ndani ya simu ya anayetuma, husafiri zikiwa hivyo, na hurudishwa katika hali yake ndani ya simu ya anayepokea.

WhatsApp ilikamilisha usimbaji huo kwa watumiaji wake wote Aprili 2016, na kwa kile ulichoahidi, unafanya kazi. Mitambo ya kampuni inayoubeba ujumbe kutoka Lamu hadi Mombasa au Muscat haijui ndani yake mna nini, ingawa inajua ni nambari zipi zilizomo katika kundi gani, jina la kundi hilo na saa ambazo mambo yalitumwa. Kwa hiyo ule uvumi wa miaka mingi kwamba tiki ya tatu ikitokea basi serikali imesoma hauna msingi wowote. Katika kundi, tiki moja maana yake ujumbe umeondoka, mbili maana yake umefika katika simu za wanachama wote, na zikigeuka buluu maana yake wote wameufungua. Ya tatu haijawahi kuwapo.

Lakini kufuli hilo hukoma pale ujumbe unapofunguka. Ukituma picha katika kundi la watu 200, picha hiyo hufunguka katika simu 200, na kuanzia hapo ni picha ya kawaida kama nyingine yoyote. Katika simu nyingi zinazotumika kwetu, isipokuwa mwenyewe amebadilisha mpangilio, picha za WhatsApp hujihifadhi zenyewe katika albamu ya simu, kando ya picha za mbuzi wa akika na risiti za saruji. Kaka akiomba simu ya dada yake ili aangalie picha za safari ya Pate, hakuna alichokiiba. Amefungua albamu tu. Mtoto anayepewa simu ili anyamaze hana habari kwamba kidole chake kimesukuma picha ya shangazi yake hadi kwenye kundi la madrasa. Zaidi ya hayo, akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, na mtu aliyewahi kuifungua WhatsApp yake katika kompyuta ya saibakafe ili achapishe hati, kisha akaondoka bila kujitoa, huenda ameacha kila kundi lake wazi mbele ya mteja anayefuata. Nakala za akiba zinazopelekwa kwenye hifadhi ya intaneti nazo hazifungwi kwa kufuli hilo mpaka mwenyewe awashe mpangilio wa kuzifunga, ambao ulianza kupatikana mwaka 2021. Hata mwanachama akibonyeza kitufe cha kuripoti, nakala za ujumbe wa karibuni, hadi tano, hupelekwa kwa kampuni zikiwa zinasomeka, bila ya kufuli lolote kuvunjwa.

Nyumba ya kale ya Lamu inaweza kutusaidia hapa. Mlangoni ina daka, mahali pa kukaa nje ambapo mpita njia husalimiwa na mgeni hupokelewa. Kisha kuna kiwanda, yaani ua wa nyumba, na huko mwisho kuna ndani, ambako hakuingii mtu asiyekuwa wa nyumba. Kila sehemu ina maneno yake, na mtoto wa Lamu hujifunza mapema kwamba yanayosemwa ndani hayaletwi dakani. Watu wanapofungua kundi na kuliita la familia hudhani kwamba wamejenga ndani nyingine, kwa sababu wanaloliona kwenye kioo ni majina ya wanaowajua. Kwa ukweli wamekaa dakani. Kila aliyeketi pale ana njia yake ya kurudi kwao, ana mume au ndugu anayemuuliza kulikuwa na nini, na wapo waliokaa kimya kona ambao mzungumzaji ameshawasahau. Wanachama wa kundi waliruhusiwa kufika 256 mwaka 2016. Katika mwaka 2022 idadi hiyo ilipandishwa hadi 512, kisha 1,024. Sidhani kama kuna nyumba Lamu, hata ya masharifu, yenye ndani ya kukalisha watu elfu moja.

Turudi kwenye picha za kupamba, maana hapo ndipo panapouma zaidi na ndipo panapofunza zaidi. Wazee wetu wa kike hawakuwa na haja ya kuelezwa usimbaji ili waelewe tatizo hili. Ndiyo maana kadi nyingi za mwaliko huandika wazi kwamba simu na kamera haziruhusiwi, na ndiyo maana mlangoni huweza kuwekwa mtu mzima asiyeonea haya kumwambia mgeni akiweke kifaa chake. Utaratibu huo unazuia picha isizaliwe, na ndio ulinzi pekee unaofanya kazi kikamilifu. Kinachouvunja mara nyingi si mgeni bali ni watu wa karibu: dada wa bibi harusi anayetaka binamu aliye Jeddah auone mkufu, au mpambaji anayetaka kuonyesha kazi yake ya hina na vikuba kwa wateja. Nia ni njema. Picha hutumwa katika kundi dogo la wanawake kumi na wawili, mmoja wao akaipeleka kwa mkwe wake, mkwe akaiweka katika statasi kwa saa chache akiandika hongera, na statasi hiyo ikaonwa na kila waliyehifadhiana naye nambari, wanaume kwa wanawake, hadi fundi wa mfereji.

Wanapogundua, hatua ya kwanza ya wengi ni kufuta. Ujumbe unaweza kufutwa kwa wote ndani ya siku mbili na ushei tangu utumwe, na tangu mwaka 2022 msimamizi pia anaweza kufuta wa mwanachama. Faida ipo, kwa sababu wale ambao hawajaufungua hawatauona. Hata hivyo ufutaji unaondoa kilichomo katika mazungumzo. Hauwezi kuigusa picha ya skrini iliyokwisha kupigwa, wala nakala iliyokwenda kundi jingine. Vivyo hivyo kwa ujumbe unaotoweka wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na kwa picha ya kutazamwa mara moja ambayo programu inakataa isipigwe picha ya skrini. Simu ya pili ikishikwa juu ya simu ya kwanza, hakuna programu inayojua. Mipangilio hiyo inafaa kwa kupunguza takataka zinazobaki katika simu za watu waaminifu, na kwa kazi hiyo ninaipendekeza, lakini anayeitegemea kama pazia dhidi ya mtu mwenye nia mbaya amejidanganya.

Sheria je? Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 37, inamtia hatiani anayehamisha au kusambaza picha ya faragha ya mwili au picha chafu ya mtu mwingine, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Hapo ndipo mwanamke wa Lamu hupata shida ya pekee, kwa kuwa picha ya nywele zake na mabega yake, ambayo kwake na kwa familia yake ni faragha kamili, inaweza kuonekana na afisa aliyetoka mahali pengine kuwa ni picha ya sherehe tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ina upana zaidi, lakini nayo inayaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani, na mazungumzo ya kundi la familia kwa kawaida huhesabiwa humo. Mpambaji anayetumia picha ya bibi harusi kutafutia wateja hawezi kusema hilo ni jambo la nyumbani. Huyo anafanya biashara, na ridhaa anatakiwa aiombe.

Ridhaa hiyo ni nzito zaidi kwa watoto. Sheria hiyo ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya data za mtoto kutumiwa, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya wazazi wao kukubali. Walimu wa shule na wa madrasa wanaotuma kwenye kundi la wazazi picha ya watoto wakiwa na sare, pamoja na majina na madarasa yao, wangefanya vyema kulikumbuka jambo hilo, hata kama hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Aliye na picha hiyo anajua jina la mtoto, anasoma wapi na anatoka saa ngapi.

Mitego mingine ya makundi haihitaji sheria ila inavunja mahusiano, na mkubwa kwa maoni yangu ni orodha ya michango. Kundi hufunguliwa kwa ajili ya mgonjwa anayepelekwa Mombasa, na msimamizi huandika majina na kiasi, kila mtu akinakili orodha yote upya na kuongeza jina lake chini. Nambari 1 ametoa 10,000, nambari 2 ametoa 5,000, na mvuvi ambaye kusi haijampa siku hata moja ya kutoka ana 200 mkononi. Zamani angemtia mzee wa familia sarafu kiganjani na hakuna ambaye angejua. Sasa ama akope ili jina lake lisiaibike, ama anyamaze na ahesabiwe mchoyo, ama ajitoe kundini na asemwe kwamba amekata undugu. Dawa ni rahisi: michango iende kwa mweka hazina mmoja, naye atangaze jumla pekee. Makundi yanayofanya hivyo huchangisha bila ya kuacha vidonda, na sioni kwa nini yale mengine hayafuati.

Orodha ya waliosoma ni mtego mwingine. Ukiubonyeza ujumbe wako na kutazama maelezo yake, unaonyeshwa nani ameufungua na saa ngapi, na watu wamenuniana miezi kwa sababu fulani alisoma habari ya msiba saa mbili asubuhi na hakuandika hata inna lillahi. Huenda fulani huyo alikuwa tayari yuko njiani kwenda matangani. Mbaya zaidi ni tanzia inayotangulia: mtu amefariki hospitalini, mpwa mmoja ameandika kundini kabla ya maiti kufunikwa, na mama mzazi anajua kwa kusikia kilio cha jirani aliyesoma kwanza. Kuna pia suala la nambari. Anayekuingiza kundini ameionyesha nambari yako kwa kila aliyemo, na wasichana wengi wameanza kupata salamu za wasiowajua kutokana na kundi la mazishi walilotiwa bila ya kuulizwa. Tangu 2019 kuna mpangilio, katika sehemu ya faragha, unaoamua nani anaweza kukuingiza kundini. Kwa kawaida umewekwa kwa kila mtu, na ni vizuri kuubadilisha uwe kwa unaowajua pekee. Kutoka nako si lazima kuzue mjadala kama zamani, kwa sababu tangu 2022 anayejitoa huonekana na wasimamizi tu, ingawa mwanachama akitaka kuwatafuta waliotoka ndani ya siku 60 zilizopita ataipata orodha yao.

Sasa tuingie katika habari zinazosambazwa, ambazo hutatanisha hata watu wenye elimu. Ujumbe ukisambazwa hupoteza vitu viwili, jina la aliyeuanzisha na tarehe aliyoutuma. Unachokiona wewe ni jina la aliyekuletea na saa ulipokufikia. Fikiria jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani, watu wametoka ufukweni kutazama na mawingu yamefunga. Sauti ya mtu mzima inaingia kundini, imetulia, inasema mwezi umeonekana na watu wajiandae kwa swala ya Idi. Sauti haisemi mwaka. Inaweza kuwa ni ya mwaka huu, na inaweza kuwa ni ya miaka mitatu nyuma iliyokaa katika simu ya mtu hadi mkono wake ukaigusa. Ndani ya nusu saa imeingia katika makundi ya Shela, Matondoni, Faza na Kizingitini, na kwa kuwa kila mtu ameipokea kutoka kwa mtu anayemwamini, kila mtu anaiamini. Tangazo la Kadhi Mkuu lina jina, mahali na tarehe, na hata wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine wanao wanazuoni wao wa kuwauliza. Sauti isiyo na tarehe haimtoshi yeyote kati ya pande hizo.

Programu yenyewe inatoa dalili moja ambayo wengi hawaizingatii. Mshale mmoja juu ya ujumbe unaonyesha kwamba umesambazwa, na mishale miwili inaonyesha kwamba umepitia mikononi mwa watu watano au zaidi kabla ya kukufikia. Dalili hiyo na mipaka ya kusambaza iliwekwa baada ya maafa. Mwaka 2018 nchini India, watu wasio na hatia waliuawa na umati uliochochewa na ujumbe wa uongo kuhusu wezi wa watoto. Januari 2019 kampuni ikaweka mpaka wa kusambaza kwa mazungumzo matano kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020, uvumi wa korona ulipozidi, ujumbe wenye mishale miwili ukazuiwa usipelekwe zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja. Kampuni ilisema usambazaji wa ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Mishale miwili haina maana kwamba habari ni ya uongo. Maana yake ni kwamba aliyekuletea hakuona kwa macho yake, wala aliyemletea yeye.

Kwa sisi wa Lamu kuna aina moja ya habari ambayo ushauri wa kawaida wa kupuuza hautufai, nayo ni habari za usalama wa barabara. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na mengine yaliyofuata katika vijiji na kwenye barabara ya kwenda Garsen, mtu anayesikia kwamba basi limesimamishwa ana sababu ya kuogopa, na dereva anayepuuza kila uvumi anaweza kulipa kwa roho yake. Hata hivyo uvumi wa kwamba kuna watu wameonekana, bila ya kutaja wapi wala lini, haumsaidii dereva huyo hata kidogo. Humfanya asimame siku ambayo njia ni salama na humchosha hadi siku ambayo si salama asisikilize. Habari inayofaa kupelekwa mbele ina mahali kamili, saa, na jina la mtu aliyeona ambaye anaweza kupigiwa. Ikikosa hivyo, ipelekwe kwa chifu au kituo cha polisi kwa simu, siyo kwa watu 400. Na picha za majeruhi na maiti hazina sababu yoyote ya kusambazwa, maana jamaa zao nao wamo katika makundi hayo hayo.

Uvumi mwingine unahusu wasimamizi wenyewe. Inasemwa kwamba mwanachama akiandika neno la uchochezi, admini ndiye anayekamatwa, na kwa hofu hiyo watu hukimbia usimamizi kila uchaguzi unapokaribia. Chanzo chake kinajulikana. Julai 2017, kabla ya uchaguzi wa Agosti, Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa zilitoa miongozo iliyowataka wanaoendesha kurasa na makundi wadhibiti yanayoandikwa humo. Mwaka 2019 ukaletwa bungeni mswada uliotaka wasimamizi wa makundi watambuliwe na mamlaka hiyo, lakini haukuwa sheria. Makosa ya matamshi ya chuki, chini ya Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ni ya anayeyatamka, anayeyachapisha au anayeyasambaza, na adhabu hufika faini ya shilingi milioni moja, au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Msimamizi anayesambaza mwenyewe hana kinga, na anayeona uchochezi akauacha siku nzima ana maswali ya kujibu mbele ya jamii yake. Kwamba atafungwa kwa neno la mwingine kwa sababu tu jina lake lina alama ya admini, hilo silo lililoandikwa. Kwa makundi ya matangazo, kama ya msikiti, ya saa za boti za Mokowe au ya kamati ya Maulidi, upo mpangilio unaoruhusu wasimamizi pekee kuandika, na huondoa nusu ya matatizo kwa siku moja.

Limebaki la wizi, na huu hupitia mlango wa kundi zaidi ya watu wanavyodhani. Mtu anapoisajili WhatsApp katika simu mpya, kampuni hutuma nambari ya uthibitisho yenye tarakimu sita kwa ujumbe mfupi wa laini husika. Mwizi anaijua nambari yako ya simu kwa sababu imo katika kundi fulani. Huiandika katika simu yake, tarakimu sita zinakuja kwako, kisha anakuandikia, mara nyingi kwa kutumia akaunti ya jamaa yako aliyokwisha kuiteka: samahani, kuna nambari nimeituma kwako kwa bahati mbaya, nirudishie. Ukimpa, akaunti yako imeondoka, na dakika chache baadaye makundi yako yote yanapokea ombi kwa jina lako na picha yako. Huandika hivi: asalam aleikum, naomba unisaidie 8,500 kuna mtu natakiwa kumtumia leo na M-Pesa yangu imefika kikomo, kesho asubuhi nakurudishia. Mtu wa kawaida hafikii kikomo, kwa sababu M-Pesa inaruhusu hadi shilingi 500,000 kwa siku. Jina linaloonyeshwa kabla ya kutuma si la rafiki yako wala la mtu yeyote wa Lamu unayemjua. Na ukitazama vizuri, bibi ambaye miaka yote amekuandikia Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, akisema yeo na yana badala ya leo na jana, ghafla anaandika Kiswahili cha redioni.

Anayeombwa apige simu ya kawaida, siyo ya WhatsApp, kabla ya kutuma hata shilingi mia. Aliyekwisha kutuma aupeleke mara moja ujumbe wa muamala kwa 456 ili kuomba pesa zirudishwe, kwa sababu zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzipata. Aliyetekwa aisajili upya WhatsApp kwa laini yake. Akishaiweka nambari ya tarakimu sita iliyokuja kwake, mwizi hutolewa papo hapo. Ikiwa mwizi amewahi kuweka nambari ya siri ya pili, mwenye akaunti atalazimika kusubiri siku saba ndiyo aingie, ingawa mwizi naye atakuwa nje muda wote huo. Nambari hiyo ya siri ya pili ni kitu ambacho kila mtu angeweza kukiweka leo katika sehemu ya akaunti, na ukiwa nayo, tarakimu sita peke yake hazimfai mwizi. Mpaka arudi katika akaunti yake, aliyetekwa hawezi kuandika kundini kwamba si yeye anayeomba pesa, kwa hiyo watu wa nyumbani kwake wapige simu kwa wasimamizi wa makundi yake yote wamtoe kwa muda, na mtoto mmoja atumwe barazani kwa wazee, ambao wengi wao hutuma kwanza na kuuliza baadaye.